Alama 1500 za Simuni Si 1500 za Ubaoni

Kila msimu wa mashindano ya chesi, fomu za usajili hutufikia zikiwa na alama za kiwango ambazo wahusika wamezitoa kwenye simu. Mmoja ameandika 1500 za Lichess, mwingine 1500 za Chess.com, mitandao ya kuchezea chesi, wa tatu 1500 za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, na wote wanaomba kundi moja. Kwa namba wamelingana. Wakiketi ubaoni, mara nyingi wanapishana sana.

Alama hizi hazipimi uwezo wako peke yako, zinakupanga miongoni mwa watu unaocheza nao. Kanuni ya Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Milwaukee mzaliwa wa Hungaria, ambayo FIDE iliipokea mwaka 1970, inaangalia tofauti kati yako na mpinzani. Ukimzidi kwa alama 200, unatarajiwa kuvuna kama asilimia 76 ya pointi. Mtu mzima mwenye 1500, aliyekwisha kucheza michezo 30 ya FIDE, akimshinda wa 1700 anaongezewa alama 15 hivi. Akishindwa anakatwa tano tu. Hiyo 1500 yenyewe haina maana nje ya orodha yake. Ni kama shilingi ya Kenya na ya Tanzania, jina moja na thamani mbalimbali, ila shilingi zina duka la kubadilishia fedha na alama hazina.

Lichess humwanzisha kila mgeni na 1500, kwa hiyo mwenye 1500 huko yumo katikati ya umati. Chess.com humwuliza mgeni kiwango chake anapojiunga, na sehemu kubwa ya watu wake ni wanaojifunza, walio chini ya 1000. Mwenye 1500 amewaacha wengi nyuma. FIDE haimweki orodhani mtu aliye chini ya 1400. 1500 yake iko karibu na sakafu, lakini waliopo sakafuni hapo ni watu waliosafiri, wakalipa ada na kuinamia ubao mmoja kwa masaa.

Mitandao yote miwili inafuata mfumo wa Glicko, uliobuniwa na mwanatakwimu Mark Glickman, ambao pamoja na alama hutunza kiasi cha mashaka juu yako. Ndiyo maana akaunti mpya hupanda au kushuka kwa mamia ndani ya michezo michache, kisha ikishazoeleka inasogea kwa sita au nane.

Halafu kuna saa. Mchezo wa dakika 10 kwa kila upande, bila nyongeza, ndio unaopendwa sana simuni, na mitandao yote miwili huuita rapidi. Kwa sheria za FIDE huo ni blitzi, mchezo wa kasi zaidi. Rapidi lazima izidi dakika 10 na isifike 60. FIDE ina orodha tatu, moja ya mchezo mrefu, moja ya rapidi, moja ya blitzi, na bado naletewa rapidi ya simu ilinganishwe na mchezo mrefu. Hata vinara hawalingani na namba zao za mtandaoni: alama za juu kabisa za mchezo mrefu ni 2882 za Magnus Carlsen, Mei 2014, wakati blitzi ya mtandaoni wapo waliovuka 3200.

Majedwali ya kubadilisha alama yanayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp nawashauri muyaache, hasa ya zamani. Tarehe 1 Machi 2024 FIDE ilipandisha sakafu kutoka 1000 hadi 1400, na kila aliyekuwa chini ya 2000 akaongezewa asilimia 40 ya pengo lililomtenga na 2000. Aliyelala na 1200 aliamka na 1520 bila kugusa kete. Wa 1600 akawa 1760. Jedwali lililotengenezwa kabla ya siku hiyo linalinganisha simu na orodha ambayo haipo tena.

Kwa hiyo kwenye fomu, kama huna alama za FIDE, andika kwamba huna. Namba ya mtandaoni iandike kando, na utaje mtandao na aina ya mchezo; sisi huitumia kumshauri mgeni kundi la kuanzia, basi.

Alama zako za kwanza zitahitaji michezo mitano dhidi ya wachezaji walio orodhani, hata ikiwa katika mashindano tofauti. Hesabu inakuongezea sare mbili za kubuni dhidi ya wapinzani wa 1800. Tuseme wapinzani wako watano wana wastani wa 1600 na umepata pointi mbili: pamoja na sare zile una tatu kati ya saba, wastani wa wapinzani wote saba unakuwa 1657, unatolewa alama 50 kwa kuwa hukufikia nusu, unaingia na 1607. Ukitoka na sifuri kwenye mashindano ya kwanza, matokeo hayo hayahesabiwi kabisa.