Sheria ilimtoa mtoto, kanisa likatoa bweni: watoto wa Kiaborijini na misheni za Australia

Wanaosoma kwa mara ya kwanza habari za Vizazi Vilivyoporwa vya Australia, yaani watoto wa Waaborijini (wenyeji wa asili wa nchi hiyo) walioondolewa kwa familia zao, huuliza: watoto walichukuliwa na nani, serikali au kanisa? Swali ni halali, lakini anayetafuta mkosaji mmoja atapotea njiani. Kwa zaidi ya karne moja, pande hizo mbili ziligawana kazi.

Mwanzo wake ni Parramatta, karibu na Sydney. Desemba 1814 Gavana Lachlan Macquarie alitangaza shule ya bweni kwa watoto wa Kiaborijini, akaikabidhi kwa William Shelley, aliyewahi kuwa mmisionari katika visiwa vya Pasifiki. Wavulana wangefundishwa kilimo, wasichana kushona. Mtoto akishapokelewa, hakuruhusiwa kurudi kwao hadi afikie umri uliowekwa, na wazazi walipangiwa siku moja kwa mwaka ya kumwona. Mwaka 1819 msichana wa shule hiyo aliongoza katika mtihani uliowajumuisha watoto wa Kizungu, ambao walikuwa wengi zaidi kwa mbali kuliko watoto wa Kiaborijini. Hoja kwamba watoto hawa hawafundishiki ilikuwa imekwisha kujibiwa mapema hivyo, na bado ikatumika kwa vizazi vingine.

Shule ya Macquarie haikudumu. Wazazi waliikwepa, na hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha. Sheria zilikuja baadaye, jimbo kwa jimbo: Victoria mwaka 1869, Queensland 1897, Australia Magharibi 1905, New South Wales 1909. Ile ya Australia Magharibi ilimfanya ofisa aliyeitwa Mlinzi Mkuu kuwa mlezi wa kisheria wa kila mtoto wa Kiaborijini hadi miaka 16, hata kama mama yake yupo na anamlea vizuri. New South Wales iliongeza makali mwaka 1915: bodi ya serikali ikapata uwezo wa kumchukua mtoto bila kwanza kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba alikuwa ametelekezwa. Kuwa Mwaborijini kukatosha.

Sasa watoto hao wakae wapi? Serikali ilijenga makao yake, kama ya wasichana pale Cootamundra, yaliyowaandaa kuwa watumishi wa ndani, na ya wavulana pale Kinchela, yaliyofunguliwa 1924, ambako waliopita hapo wanasimulia kwamba waliitwa kwa namba badala ya majina. Lakini kujenga na kuendesha ni gharama, na hapo ndipo makanisa yalipofaa. Yalikuwa na watu waliokubali ujira mdogo, wafadhili, na imani kwamba roho za watoto ziko hatarini. Serikali ilichangia ruzuku, mara nyingi kidogo. Chakula haba, msongamano na maradhi katika makao mengi vilitokana kwa sehemu na hesabu hiyo ya fedha. Kwa sehemu tu: viboko na marufuku ya kusema lugha ya nyumbani havikuletwa na uhaba wa pesa.

Kaskazini mwa nchi mpango ulikuwa tofauti kidogo. Bweni liliwekwa ndani ya misheni yenyewe, na wazazi waliishi kambini, hatua chache tu kutoka hapo. Mtoto alimwona mama yake kwa ruhusa. Misheni ya Mapoon, pwani ya Cape York, rasi iliyo kaskazini mwa Queensland, ilianzishwa mwaka 1891 na Wamoravian waliotumwa kwa niaba ya Wapresbiteri. Wasomaji wa Mbeya watakumbuka kwamba mwaka huohuo Wamoravian walifika Rungwe.

Katika karne ya 20 lengo lilielekezwa zaidi kwa watoto wenye mzazi au babu wa Kizungu, walioandikwa kwenye mafaili kuwa machotara. A. O. Neville, aliyesimamia mambo ya Waaborijini wa Australia Magharibi kuanzia 1915 hadi 1940, kwanza akiwa Mlinzi Mkuu, aliamini kwamba watu hao wangeyeyuka ndani ya jamii ya Wazungu baada ya vizazi kadhaa. Makao ya Sister Kate's, yaliyofunguliwa jijini Perth mwaka 1933 na mtawa wa Kianglikana, yalipokea watoto waliochaguliwa kwa weupe wa ngozi. Mtawa huyo anakumbukwa na baadhi yao kwa upole. Upole huo haukubadili sababu ya wao kuwa pale.

Hata hivyo misheni hazikuwa sura moja. Hermannsburg, misheni ya Kilutheri iliyoanza 1877 katikati ya jangwa, ilihubiri na kuchapisha kwa lugha ya Waarrernte, Waaborijini wa eneo hilo, na mchoraji wao Albert Namatjira alizaliwa hapo. William Cooper, mwanaharakati wa Kiaborijini aliyepata elimu yake misheni ya Maloga, aligeuza alichosoma kuwa barua na malalamiko ya kisiasa. Ni yeye na wenzake walioitisha Siku ya Maombolezo tarehe 26 Januari 1938, Wazungu walipokuwa wakisherehekea miaka 150 ya ukoloni wa Waingereza.

Tume iliyochunguza uchukuaji huo wa watoto, ikiongozwa na Ronald Wilson na Mick Dodson, ilitoa ripoti mwaka 1997. Ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970, kuanzia mtoto mmoja wa Kiaborijini kwa kila kumi hadi mmoja kwa kila watatu aliondolewa kwao. Makanisa kadhaa yaliomba radhi, na tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd akafanya hivyo bungeni.

Kwa sisi tunaotunza nyaraka, kazi kubwa ilianza hapo. Rejista za ubatizo, orodha za bweni na barua za akina mama wanaoomba watoto wao zimetawanyika kati ya serikali na makanisa, na jina la mtoto huenda lilibadilishwa siku aliyofika. Shirika la Link-Up limekuwa likiunganisha familia tangu 1980. Mwaka 2022 serikali kuu ilifungua mpango wa fidia ya dola 75,000 za Australia kwa waliochukuliwa katika maeneo iliyoyatawala moja kwa moja, hasa Northern Territory. Aliyechukuliwa alipaswa kuwa hai siku ya kuomba; kama alifariki baada ya mpango kutangazwa Agosti 2021, familia yake iliweza kuomba.