"Yaliyopita si ndwele" na mengine ninayochoka kuyasikia

Nimeisikia tena, safari hii kwa mzee aliyemleta mkewe katika chumba changu cha ushauri nasaha hapa Mombasa. "Mwambie asahau, mwanangu. Yaliyopita si ndwele." Mkewe alifiwa na dada katika feri ya Mtongwe. Kila Aprili usingizi humpaa, na akisikia honi ya feri mikono humtetemeka.

Feri ile ilipinduka asubuhi ya Ijumaa, 29 Aprili 1994, imejaza kupita kiasi. Walikufa watu 272. Zaidi ya miaka thelathini sasa, na bado naambiwa "watu wameshapoa". Wamepoa akina nani? Magazeti ndiyo yaliyopoa.

Kiwewe hakihesabu miaka. Ubongo hukihifadhi pamoja na vilivyokuwapo siku ile: harufu ya dizeli, maji ya kivuko, mvua za masika. Masika yakirudi, mwili hutangulia kukumbuka kabla mwenyewe hajaangalia tarehe. Mama yule haugui. Anaomboleza, na dada mtu hakosi kuliliwa eti kwa kuwa kalenda imesonga. Ugonjwa ni pale majonzi yanapomshika mtu zaidi ya miezi 6, makali yale yale, hata kazi na watoto vikamshinda. Hilo Shirika la Afya Duniani limeliweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, na lina tiba. "Jikaze" si tiba.

Taifa nalo lina "jikaze" lake. Wiki ya kwanza rambirambi, bendera nusu mlingoti, tume. Halafu ripoti hukabidhiwa na kila mtu hujiona amemaliza. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyochunguza dhuluma za kihistoria hapa Kenya, ilikabidhiwa Mei 2013. Machi 2015 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaomba radhi bungeni na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa walioumizwa. Bado wanaudai. Halafu nakaa na mteja, nimweleze kwa nini radhi ile haikumshusha mzigo!

"Ukumbusho hutonesha vidonda." La. Bustani ya kumbukumbu pale Nairobi ina majina ya waliouawa katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, na jamaa zao hukutana hapo kila mwaka. Kidonda hutoneshwa na kunyamaziwa.

"Mwanamume halii, na kulia ni kukosa imani." Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim. Tuendelee.

"Watoto walikuwa wadogo, hawakuelewa." Walielewa kwamba baba hakurudi na kwamba nyumbani halisemwi. Hao ndio wateja wangu wa leo, wana ndevu na watoto wao.

Agizo langu ni lile lile, wanaonijua wameshalichoka: tanga likianuliwa, usijihesabu umemaliza. Hitimani watu hawakosekani. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, na mwaka wa tano, wa kumi, mpigie simu mfiwa, umtaje marehemu kwa jina.

Mzee alinisikiliza, akatoa kalamu mfukoni. "Niweke alama kwenye 29 yenyewe?" Nikamwambia aanzie tarehe 15, maana mkewe huwa ameshaanza kukesha.