Si kila taa ya neoni ina neoni

Watu wengi huamini zile taa za rangi zinazopamba baa na saluni zote zimejazwa gesi iitwayo neoni. Sivyo. Neoni ikipitishiwa umeme hutoa rangi moja tu, nyekundu inayoelekea chungwa. Ndiyo aliyoionyesha mvumbuzi Mfaransa Georges Claude mjini Paris mwaka 1910. Ukiona buluu, aghalabu ndani mna gesi ya argoni na zebaki kidogo, argoni ileile iliyo karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta. Kijani hutokana na unga uliopakwa ndani ya kioo.

Taa nyingi za siku hizi ni LED tupu, yaani vijitaa vya kielektroniki, gesi hamna. Usiziguse kuhakikisha, maana za kioo hutumia maelfu ya volti. Tazama kati ya herufi moja na nyingine: mrija wa kioo mara nyingi hupakwa rangi nyeusi hapo.