Eti gitaa la mtumba "limeshajaribiwa"

"Fundi, hili limepigwa miaka na miaka huko Ulaya. Lingekuwa na kasoro ya kiwandani, si ingeshajulikana?" Nimechoka kulijibu swali hili mezani, kila mteja na lake la mtumba mkononi. Acha nilijibu hapa mara moja, niwe natuma linki.

Imeshajulikana, ndugu yangu. Ndiyo maana liliuzwa.

Mwenye gitaa zuri hana haraka ya kuachana nalo. Lenye mushkeli ndilo linalozunguka mkono kwa mkono, na kila anayelishika anadhani tatizo ni nyuzi. Huenda wa kwanza alikuwa akisindikiza kwaya kwa freti tatu za mwanzo (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo), huko kwenye freti ya 12 hakuwahi kufika. Waranti nayo haikufuati: Martin, Taylor na Gibson wanampa mnunuzi wa kwanza peke yake. Wewe wa tatu, hata kama kosa ni la kiwanda waziwazi, mzigo ni wako.

Kasoro ninayokutana nayo sana ni daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa, lililobandikwa mahali pasipo pake. Gitaa la umeme halinisumbui, unazungusha skrubu mambo yanaisha. La kawaida lisilo la umeme, daraja lake limegandishwa kwa gundi. Unapima kutoka mfupa wa juu, pale nyuzi zinapotokea kichwani, hadi freti ya 12, halafu kutoka hapo hadi mfupa wa daraja, ule unaobeba nyuzi. Gitaa la kipimo cha uzi cha 648 mm litakupa 324 kipande cha kwanza. Cha pili je? Watu wanasubiri 324 nyingine, na hapo ndipo ninapokosa uvumilivu. Ukiubonyeza uzi unauvuta, na uzi uliovutwa hupanda sauti. Kwa hiyo daraja husogezwa nyuma kufidia, kama 2 mm kwa uzi mwembamba, 4 au zaidi kwa mnene. Mfupa haukulazwa mshazari kwa urembo! Sasa mtu anapima, anakuta 324 kwa 324 nyuzi zote, anashangilia. Hiyo ndiyo habari mbaya yenyewe. Kila milimita inayopungua hupandisha noti ya freti ya 12 karibu senti 2.7 (si za pesa: senti 100 ni hatua ya freti moja). Zikipungua tatu ni senti 8: uzi usiobonyezwa, mshale wa tyuna (kipima sauti) unatulia katikati, ukibonyeza ya 12 mshale unakimbilia kulia.

Nyuzi chakavu nazo hudanganya, kwa hiyo funga mpya kabla ya kupima. Ila mkishazifunga na mshale bado unakimbia, msinirudie na seti ya tatu. Nyuzi hazisogezi daraja.

Je, ni kiwanda au ni fundi aliyetangulia? Kuna magitaa siwezi kukuapia. Daraja lililowahi kung'olewa huacha vanishi iliyochanika pembeni, au kivuli cheupe pale lilipokaa zamani. Nisipoona alama nasema kiwanda, lakini fundi msafi haachi alama. Shingo iliyojinyonga ndiyo balaa zaidi. Mbao ambayo haikukaushwa vizuri na unyevunyevu wa Dar huacha sura ileile, na vitabu vinavyovitenganisha kwa uhakika viliandikwa na watu wasioishi Kigamboni.

Daraja lina dawa. Naziba mfereji wa mfupa kwa kipande cha mpingo, nachonga mwingine nyuma kidogo. Mpingo ni mweusi kuliko mbao za madaraja mengi, kwa hiyo ukiinama utauona mstari. Wengine hawaupendi. Shauri yao.

Sheria? Mwenye duka anabanwa na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, lakini kama ulilikagua kabla ya kulipa, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha huidai tena. Bila risiti ndiyo kabisa, msiniulize.

Nendeni na futi kamba, na tyuna iwe kwenye simu. Muuzaji akinuna kwamba unamchelewesha, mwambie fundi ndiye aliyekutuma.