Teknolojia ikishinda, si lazima mwenye hisa ashinde

Siku hizi ukitaja hisa kijiweni, utasikia: “Nunua kampuni za akili mnemba, hii kitu hairudi nyuma.” Kwamba hairudi nyuma, sibishi. Kosa ni kudhani kwamba teknolojia ikikua, pesa yako nayo itakua.

Chukua Cisco, kampuni ya Marekani inayotengeneza vifaa vya kuunganisha mitandao. Machi 2000, intaneti ikiwa ndiyo gumzo, hisa yake ilifika dola 80 hivi, na kwa muda mfupi ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Waliosema intaneti itaenea kila mahali walisema kweli. Mimi na wewe tunaitumia sasa hivi. Lakini Oktoba 2002 hisa ile ile ilikuwa chini ya dola 10. Na biashara haikufa, maana mapato ya mwaka yalitoka dola bilioni 19 hivi mwaka 2000 hadi bilioni 40 mwaka 2010. Hata hivyo, mwaka huo wa 2010 bei haikufika hata nusu ya ile ya kilele.

Kwa nini? Kwa sababu aliyenunua kwa dola 80 alikuwa ameshalipia ukuaji wote huo mapema, na zaidi. Mtu ukinunua ng’ombe kwa bei ya maziwa ya miaka mia mbili, hata akikamuliwa vizuri utachelewa sana kurudisha pesa yako.

Kwa hiyo ukiiangalia Nvidia leo, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za akili mnemba, usiulize tu kama teknolojia itakua; uliza pia bei ya hisa moja ni mara ngapi ya faida ya mwaka inayoangukia hisa hiyo.