Kuvunja vifaa vya elektroniki kabla ya kurejelezwa: sumu hutokea wapi?

TV ya chogo ikikaa sebuleni haimdhuru mtu. Risasi iliyomo (metali yenye sumu), ambayo katika TV kubwa hupita kilo moja, imeyeyushwa pamoja na kioo na imetulia humo. Balaa huanza nyundo inapoingia. Kifaa kizima hufungia sumu zake ndani. Kikipondwa ovyo, sumu hizo hutoka kama vumbi, mvuke au moshi.

Tukae kidogo na chogo, lile bomba la kioo linaloonyesha picha. Muuza vyuma chakavu hana haja na kioo, anataka koili ya shaba iliyovishwa shingoni mwa chogo, na njia ya mkato ni kuipiga shingo jiwe. Ndani ya chogo hamna hewa, hivyo kioo kikipasuka hufyonzwa ndani kwa nguvu kisha vipande huruka. Nyuma ya kioo cha mbele umepakwa unga unaong'aa, ule unaotoa picha, na katika TV za zamani sana una kadimiamu, adui wa figo. Unga huo hupeperuka kirahisi. Shaba ikishauzwa, vigae vinabaki uani, vinakanyagwa na kusagika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na anayetambaa hapo uani ni mtoto, mkono mdomoni.

TV za flati nazo, zile zilizotengenezwa kabla ya taa za LED kuenea, humulikwa na mirija myembamba ya kioo yenye zebaki. Ni miligramu chache kwa kila mrija, ila zebaki hugeuka mvuke bila hata kupashwa moto. Mrija ukivunjika chumbani, fungua madirisha, utoke kwanza, halafu uzoe vipande kwa karatasi ngumu. Ufagio husambaza.

Wapo pia wanaovunja ili data zao zisiibiwe. Kwa simu, naona hakuna wazo baya zaidi. Betri ya lithiamu ikitobolewa, tabaka zake hugusana, joto hupanda ghafla, inalipuka moto, na moshi wake una floridi ya hidrojeni, gesi inayounguza mapafu. Yote hayo, na chipu yenye picha zako huenda imebaki nzima! Futa kila kitu kupitia mipangilio ya simu, inatosha kwa watu wengi. Diski ya kompyuta ni afadhali: ukiichomoa kwenye kompyuta unaweza kuitoboa, bora uvae miwani, kwani za laptopu mara nyingi zina sahani za kioo.

Viwanda vya urejelezaji navyo husaga, tena kwa mashine kubwa, ila vina utaratibu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012 inataka betri, vyenye zebaki, chogo, katriji za tona (wino wa printa) na plastiki zenye bromini (kemikali ya kuzuia zisishike moto) viondolewe na kutengwa; kusaga kwenyewe hufanyika penye mitambo ya kunyonya vumbi. Betri moja ikisahaulika humo huweza kuwasha moto kiwandani. Basi kifaa chako kipeleke kizima, kama kilivyo, maana vipo vituo vinavyokataa kabisa TV iliyokwisha kupasuliwa.