Tarakimu za Kilepcha na namba zake ndani ya kompyuta

Walepcha, ambao wenyewe hujiita Róng, wanaishi Sikkim na kwenye milima ya Darjeeling na Kalimpong nchini India. Wengine wako Nepal na Bhutan. Mwandiko wao una tarakimu kumi za kwake, kuanzia sifuri hadi tisa: ᱀ ᱁ ᱂ ᱃ ᱄ ᱅ ᱆ ᱇ ᱈ ᱉. Ukiona visanduku vitupu hapo, simu yako haina fonti yake, basi. Tarakimu zenyewe zipo.

Hesabu inakwenda kama yetu: mamoja kulia, makumi kushoto kwake. Mwaka 2008 huandikwa ᱂᱀᱀᱈, na ndio mwaka ambao mwandiko huu uliingizwa katika Yunikodi, toleo la 5.1.

Yunikodi ni orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake. Sifuri ya Kilepcha ilipewa U+1C40 na tisa ikapewa U+1C49, zikafuatana bila pengo. Mfuatano huo una faida kubwa. Namba hizi huandikwa kwa msingi wa 16; kwa hesabu ya kawaida U+1C40 ni 7232. Chukua ᱇, ambayo ni 7239, toa 7232, unabaki na 7. Kompyuta haihitaji kujua Kilepcha hata kidogo.

Pamoja na namba, kila moja imesajiliwa kuwa tarakimu ya desimali, na thamani yake imetajwa. Hapa ndipo penye uzito, kuliko hata umbo. Mtu angeweza kutengeneza fonti inayochora umbo la Kilepcha juu ya 3 ya kawaida. Kwa macho ingetosha, lakini ukibadilisha fonti Kilepcha chote kinatoweka.

Gharama ipo, ila ni ndogo. Katika UTF-8, njia ya kuhifadhi namba za Yunikodi kama baiti (vipande vidogo vya kumbukumbu ya kompyuta), tarakimu ya kawaida huchukua baiti moja, ya Kilepcha tatu (᱀ ni E1 B1 80). Kwa hiyo ᱂᱀᱀᱈ ni baiti 12 badala ya 4.

Kinachosumbua zaidi ni programu. Katika lugha ya programu ya Python, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, int("᱁᱂") inarudisha 12 bila shida. Katika JavaScript, lugha ya programu inayotumika kwenye tovuti, Number("᱁᱂") inatoa NaN, yaani "hii si namba", kwa kuwa inatambua 0 hadi 9 za kawaida tu. Mwenye kutengeneza fomu ya mtandaoni kwa watu wa Sikkim inabidi azigeuze mwenyewe kabla ya kukagua, la sivyo fomu itamkatalia mtu umri wake alioujaza sawasawa.